Ndege Isiyo na Mwenyewe

Siku ya thelathini na nane tangu Deddahi aondoke, mkewe Salka alitoka ofisi ya tano ya serikali mikono mitupu. Humo ndani hakusema neno. Aliyesema ni wifi yake Tekber, dada wa Deddahi, mwenye mdomo wa kuwatosha watu wawili. Salka akisimama mbele ya meza ya ofisi ulimi humganda. Alivuta mlahafa wake, shuka la kujitanda mwili mzima, ukaziba kinywa, akaangalia viatu vya ofisa. Vilikuwa vyeusi, kisigino cha kushoto kimelika zaidi.

"Hakuna tukio lolote lililoripotiwa ndani ya mipaka yetu," alisema ofisa.

"Na nje ya mipaka?" aliuliza Tekber.

"Nje ya mipaka si kazi yetu."

"Kazi ya nani sasa?"

"Ya wa huko."

"Na wa huko wanasemaje?"

"Wanasema hakuna tukio."

"Basi kaka yangu kapotelea kwenye hakuna," alisema Tekber. "Tupe basi cheti cha hakuna, tukipeleke kwa kadhi."

Ofisa alifunga faili. Nje, jua la Zwerat lilikuwa limeshapanda, na vumbi jekundu la mgodi wa chuma limetanda juu ya paa kama kawaida yake.

Deddahi alikuwa mchimba dhahabu. Aliondoka na wenzake wawili, Sidaty na Bouna, kwenye gari lake moja, wakiwa na mashine yao ya kutafuta dhahabu, tambi, mchele na maji ya siku kumi. Walielekea kaskazini, kule ambako mpaka ni mchanga tu na mchanga hausemi umefika wapi. Siku ya nne zikaja simu kwamba magari mawili yameungua huko. Siku ya sita Bouna akarudishwa na lori la wafugaji, mgongo umebabuka. Askari walimchukua siku mbili. Walipomaliza naye, wakaziita familia na kuzisomea karatasi yenye saini ya Bouna: mtungi wa gesi uliokuwa ndani ya gari la Deddahi ulilipuka kwa uzembe, na waliokuwemo hawajulikani walipo.

Bouna mwenyewe hakuonekana tena. Ikasemwa amepelekwa Nuakshoti, mji mkuu, kutibiwa.

Kwa hiyo Deddahi alikuwa amekufa vya kutosha kulaumiwa, lakini si vya kutosha kupewa cheti. Na bila cheti au shahidi kadhi hawezi kusema Salka ni mjane. Mke wa mtu asiyejulikana alipo hungoja miaka minne. Salka alikuwa na miaka ishirini na miwili. Akihesabu minne mbele alijiona kama mtu anayetazama barabara ndefu ya kwenda Atar kwa miguu.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa miaka. Kilikuwa ule mtungi. Rgueya, mama yake Sidaty, aliishi nyumba ya pili kutoka kwake. Miaka yote alikuwa akimletea Salka bakuli la maziwa ya ngamia asubuhi na kuuliza habari za mifugo ambayo wote wawili hawakuwa nayo tena. Tangu siku karatasi iliposomwa, Rgueya alikuwa akipita ukutani kwa Salka kama anapita penye makaburi. Hatoi salamu. Mwanawe ameuawa na uzembe wa Deddahi. Karatasi ya serikali imesema.

"Kaka yangu na mtungi wapi na wapi," Tekber alikuwa akisema kila siku. "Mtu anayesema chai ya gesi si chai, ni maji yaliyoudhiwa."

Na ni kweli. Tangu Salka amjue, Deddahi alipika chai kwa mkaa tu, polepole, glasi tatu, na hakuondoka kabla ya ile ya tatu hata kama anaitwa. Kwenda jangwani alikuwa na gunia la mkaa. Mtungi hakuwa nao. Salka alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na katika ofisi tano alikuwa hajalitamka hata mara moja.

Walipita dukani kwa Hamoudi kununua majani ya chai. Kwenye mkeka mbele ya duka walikaa wanaume wanne, na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale ya mwezi mzima, ya ndege zisizo na rubani zinazopiga magari huko jangwani.

"Ni za nchi jirani," alisema mmoja. "Nani mwingine?"

"Jirani amesema hana ndege za namna hiyo kule."

"Amesema hana, hajasema hazirushi."

"Binamu yangu aliyeko Ulaya anasema zimenunuliwa mbali sana. Mtu amekaa chumbani penye baridi anakunywa kahawa, anabonyeza."

"Na mimi nasikia wetu wenyewe wanajua. Wanaambiwa kabla. Ndiyo maana wamenyamaza kama waliomeza jiwe."

Hamoudi alikuwa anapima sukari. "Jamani, ndege ambayo kila serikali inasema si yangu, hiyo ni yatima," alisema. "Tuichangie basi. Yatima ana haki."

Wakacheka. Mmoja wao alimwona Salka akakata kicheko katikati, akajikohoza. "Mungu awape subira, dada zangu."

"Subira tunayo," alisema Tekber. "Tupunguzieni maneno. Mnajua rangi ya ndege, bei yake na aliyeiuza. Kuna hata mmoja aliyeiona?"

Wanawake wakachukua majani yao ya chai, wakaondoka. Nyuma yao, wakiwa hawajapiga hatua kumi, ubishi ulianza upya.

Asubuhi iliyofuata Salka aliamka alfajiri kuchota maji, akaziona tena nyayo.

Haikuwa mara ya kwanza. Siku tano sasa, kila alfajiri, mchanga wa mbele ya lango lake ulikuwa na alama za mtu aliyekuja, akasimama, akaondoka. Siku za mwanzo alidhani ni mpita njia. Leo aliweka ndoo chini, akachutama.

Salka alikuwa amekulia kambini, kwa baba mfugaji. Baba yake aliweza kuangalia mchanga akasema ngamia huyu ni wa fulani, ana mimba, na jicho lake moja ni bovu maana anakula majani ya upande mmoja tu. Shule Salka aliiacha darasa la nne kambi ilipohama, lakini mchanga aliusoma. Na kwa kuwa tangu utotoni aliona haya kuwatazama watu usoni, aliwatazama miguu. Nusu ya mji aliujua kwa nyayo. Wengine hata sura zao angezisahau, lakini si kisigino.

Mtu huyu alivaa viatu vipya vya soli ya mistari. Kiatu chaweza kubadilika, mwendo mtu habadili. Mguu wa kulia ulikanyaga kwa nje na kuburuta kidogo, kama wa mtu aliyewahi kuvunjika na kuungwa vibaya. Miaka miwili nyuma Deddahi alimbeba mgongoni mtu aliyetumbukia shimoni, mguu umening'inia.

Alimwamsha Tekber, aliyekuwa amelala kwenye hema la uani.

"Bouna hayuko Nuakshoti," alisema Salka.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alikuwa hapa sasa hivi."

Tekber alitoka na mlahafa nusu umemwanguka, akatazama mchanga. "Mimi naona mchanga," alisema. "Lakini wewe ukisema ni Bouna, ni Bouna. Twende kabla upepo haujaamka."

Nyayo zilipita nyuma ya maduka, zikakata uwanja wa mpira, zikaruka reli. Penye mawe Salka alizipoteza, akazunguka, akaziona tena upande wa pili ambako mguu wa kulia ulikuwa umechora mstari. Tekber alifuata nyuma akihema na kulaumu viatu vyake. Mwishowe walifika kwenye zizi la ngamia nje ya mji, na uzio wake wa mapipa yaliyobomolewa. Bouna alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Alipowaona hakukimbia. Alishusha kilemba kikamfunika uso wote.

"Nuakshoti imekuwa karibu siku hizi," alisema Tekber.

"Karibuni," alisema Bouna.

"Hatukuja kukaribishwa. Ulitia saini mtungi, wewe. Umekula chumvi ya kaka yangu, kakubeba mgongoni, halafu unamvisha mtungi?"

"Tekber," alisema Salka taratibu.

"Niache niseme, wifi. Nina siku arobaini tumboni."

"Niliandikiwa," alisema Bouna. "Waliniambia, ukisema ndege, tutakuuliza ulikuwa upande gani wa mpaka, na hapo utalala ndani wewe na atakayekuletea chakula. Ukisema mtungi, nenda nyumbani. Mgongo wangu ulikuwa unatoa maji. Nikatia saini."

Ngamia mmoja alikuja kunusa mlahafa wa Tekber akafukuzwa.

"Mbona unakuja mlangoni kwangu?" aliuliza Salka. Alimwuliza akiangalia ule mguu wa kulia.

"Kila siku nasema leo nitabisha."

Halafu akaeleza, na alieleza kama mtu anayeteremsha mzigo ambao hajui pa kuuweka. Siku ya tatu waliona moshi mbele. Lilikuwa gari la wachimbaji wengine, watu wasiowajua, limelala ubavu, watu wawili chini wanapunga mikono. Sidaty alisema wapite, maana siku hizi inasemekana ile ndege ikipiga hungoja kuona nani atakuja. Deddahi akasema: tangu lini mtu akapita gari lililosimama? Jangwani hakuna anayepita gari lililosimama. Hata adui yako humpiti. Unasimama, unampa maji, ndipo mnakumbushana ugomvi.

"Mchanga wa mbele ulikuwa laini," alisema Bouna. "Akaniambia nibaki nipunguze upepo wa matairi, yeye na Sidaty watapeleka maji kwa miguu. Kila mmoja alibeba dumu. Nilikuwa nimepunguza matairi mawili. Nikasikia kitu kama pikipiki iliyo mbali sana, juu. Halafu nikawa chini, na gari letu nyuma yangu linaungua. Wao walikuwa kule mbele, na kule kulipigwa pia. Kosa letu lilikuwa kusimama, Salka. Kosa lenyewe ni hilo. Mfugaji mmoja alikuja jioni tukawazika, mimi na yeye. Niliweka mawe."

Tekber alikuwa amekaa chini bila kujua.

"Na ndege?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo. "Ilikuwa ya nani?"

"Kila mtu ananiuliza hivyo. Mjomba wangu ananiuliza, walioniandikia karatasi nao waliniuliza kwanza, kama vile hawajui. Dada yangu, sikuona bendera. Sikuona hata ndege."

Salka hakuwa analia. Alikuwa anafikiria madumu mawili, ya manjano, yale aliyoyasugua kwa mchanga mwenyewe usiku wa kuamkia safari ili maji yasinuke. Kisha akasema jambo ambalo Bouna alikuwa akiliogopa kwa siku tano.

"Kesho utakuja kwa kadhi."

"Nitasema nilimzika," alisema Bouna. "Hilo nitaliapia. Lakini nisiulizwe kilichomuua."

Kadhi alikuwa mzee mwembamba anayesikia vizuri sikio moja tu, na watu wote mjini walijua wakae upande gani. Alimsikiliza Bouna akiapa kwamba alimzika Deddahi kwa mikono yake, siku ya tatu ya safari, akimwelekeza kibla. Alimuuliza maswali matatu, akaitikia kwa kichwa.

"Miaka minne ni ya mtu asiyejulikana alipo," alisema. "Huyu anajulikana alipo. Mtu mmoja mwaminifu aliyemzika ananitosha. Karani, andika."

Karani aliandika jina, jina la baba, umri, kazi. Kalamu yake ikasimama. "Sababu ya kifo," alisema. Akafungua faili lingine, akatoa nakala. "Hapa tayari kuna maelezo ya askari yenye saini ya shahidi huyuhuyu. Mtungi wa gesi, uzembe wa mwenye gari. Ninaandika hivyo, mnaondoka na cheti leo hii."

Bouna aliangalia sakafu.

"Kaka yangu hakuwa na mtungi," alisema Tekber.

"Mama, si mimi niliyesema. Ni karatasi."

"Basi karatasi ije iape."

"Niandike nini, ndege?" Karani alianza kuchoka. "Ndege ipi? Ya nani? Nionyeshe tangazo la nchi yoyote linalosema lilirusha ndege siku hiyo, nitaandika na namba yake."

"Wewe unaishi mji gani, mwanangu? Watoto wanaocheza mchangani wanazijua hizo ndege."

"Watoto hawapigi mihuri."

Kadhi aliinua mkono. "Msikilizeni," alisema, na hakuonekana mtu mwenye furaha. "Nikiandika ndege, cheti lazima kiende juu kikathibitishwe. Huko juu watasema hakuna ndege. Nimeshapeleka viwili mwaka huu. Havijarudi, na wenyewe wanakuja hapa kila Jumatatu. Nikiandika mtungi, mnatoka nacho sasa. Mimi sisemi lipi ni kweli. Nasema lipi linatoka."

Tekber alianza kupaza sauti, akawataja wakubwa wote aliowajua na asiowajua, ofisi tano kwa majina, na viatu vya ofisa wa juzi. Karani alingoja kama mtu anayengoja mvua ipite. Salka alikuwa anatazama ndara za kadhi. Zilikuwa za ngozi, kuukuu, zimeshonwa tena kwa uzi mweupe. Alikumbuka Rgueya akipita ukutani bila kugeuka. Cheti cha mtungi angekiweka wapi nyumbani ambapo Rgueya hatapita?

"Andika alikuwa anawapelekea watu maji," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, na alikuwa amekaa upande wa sikio bovu. Kadhi akageuza kichwa. "Sema tena, binti yangu."

Salka alishusha mlahafa kutoka kinywani. "Andika alikufa akiwapelekea maji watu waliokwama."

"Hiyo si sababu ya kifo," alisema karani.

"Ndiyo sababu," alisema Salka. "Asingewapelekea maji, angekuwa hai. Alisimama kwa ajili yao. Sijasema ndege. Sijui ndege ni ya nani, na wewe hujui, na huyu hajui. Lakini maji tunayajua ni ya nani. Madumu niliyasugua mimi. Na mtungi hapakuwa. Mume wangu alichukua gunia la mkaa, ukitaka nenda kwa Hamoudi, ndiye aliyemuuzia."

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanaume. Alipomaliza masikio yake yalikuwa ya moto, akatamani sakafu imfunike.

Kadhi aligeuka upande wa pili. Akamuuliza Bouna, "Alikuwa anapeleka maji?"

"Naapa kwa Mungu."

"Kupeleka maji hakuhitaji kuthibitishwa juu," kadhi alimwambia karani. "Sijasikia serikali iliyokanusha maji. Andika kama alivyosema."

Karani aliandika. Alipiga muhuri kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

"Eda yako ni miezi minne na siku kumi," kadhi alimwambia Salka, "nayo inahesabiwa toka siku aliyofariki, si toka leo. Kwa hiyo siku thelathini na nane umeshazimaliza."

Salka alitazama mikono yake iliyoshika karatasi. Kwenye kucha hina ilikuwa bado imebaki, rangi ya kutu. Aliipaka siku ya Idi, kutwa nzima, mikono na miguu, maana bado alitumaini Deddahi angerudi siku ile. Alikaa akingoja ikauke, akifukiza udi. Alikuwa mjane wa wiki mbili na hakuna aliyemwambia. Siku thelathini na nane za msiba wake zilikuwa zimepita bila yeye, zikiwa kwenye faili la watu wengine. Hasira ilimpanda hapo, si kabla, na hakukuwa na mtu humo ndani wa kumrushia. Akakunja karatasi mara mbili.

Dukani kwa Hamoudi walikuwa wale wale.

"Mmepata?" aliuliza Hamoudi. "Mungu amrehemu. Imesema ni ya nani?"

"Haikusema," alijibu Tekber.

"Mnaona?" alisema yule mwenye binamu. "Nilikwambieni wanaificha." Wakaanza tena.

Salka hakusimama. Alipita lango lake, akaenda mpaka la pili, akabisha. Rgueya alifungua nusu. Hakutoa salamu, lakini hakufunga.

"Sijui kusoma sana," alisema Salka, "ila hii naiweza." Akaisoma yote pale mlangoni, polepole, akiangalia karatasi ili asimwangalie mama wa watu. Kisha akamweleza kuhusu moshi na dumu la pili, na nani alilibeba.

Rgueya alishika nguzo ya mlango.

"Na Sidaty wangu?" aliuliza. "Yumo humo?"

Salka aligeuza karatasi, ingawa alijua nyuma hapana kitu. "Hayumo. Kila nyumba inaandikiwa yake. Lazima uanze ofisi ya kwanza."

"Zipo ngapi?"

"Tano. Halafu kadhi."

Rgueya aliinama kutafuta viatu vyake nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa kimoja.

"Leo wameshafunga, mama," alisema Salka. "Kesho nitakuja nikuchukue. Nitasema mimi."

Rgueya aliinuka na kiatu cha pili mkononi, kama hajui tena kinavaliwa wapi. "Ingia basi," alisema. "Maziwa yapo."